Mvua Ikinyesha Lushoto

Ukiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha pale Mombo, unaacha na joto lake. Kilomita 33 za kupanda hadi Lushoto ni kona juu ya kona, genge upande huu na mwamba upande ule, na kadiri gari linavyopanda ndivyo vioo vinavyofungwa kimoja baada ya kingine. Mkifika Soni, ambako maporomoko ya maji huonekana kutoka barabarani, abiria wenyeji wameshavaa masweta. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo mtoto aliyepanda basi Dar es Salaam akiwa na fulana moja anashukia mahali ambapo asubuhi ya Julai watu wazima wanaota moto.

Wazazi wanaotaka kumpeleka mtoto mdogo shamba huniuliza swali lile lile: twende mwezi gani? Lushoto ni mahali pazuri pa kulijibia, kwa sababu huko hakuna mwezi wa kuaminika. Tunajua masika ni Machi hadi Mei, na vuli huja miezi ya mwisho wa mwaka. Lakini milima ya Usambara hukinga mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, na mawingu hayo hayasomi kalenda. Unaweza kuamka na jua, ukala chakula cha mchana ndani ya ukungu, ukaanua nguo kwa haraka saa kumi. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: nendeni mwezi mtakaopata likizo. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu haharibiwi likizo na mvua. Anaharibiwa na ratiba ya watu wazima, iliyopangwa kana kwamba naye amekuja kuona mandhari.

Hakuja kuona mandhari. Ukimsimamisha Irente, pale ambapo mlima unakatika ghafla na nyika ya chini inatandaa mpaka macho yanachoka, atainama aokote kijiti. Wala si kwamba hana shukrani. Dunia yake inaishia karibu na mkono wake, na kijiti kile hajawahi kukishika.

Mwaka 2012 Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 12 hadi 19 wanaocheza wenyewe, bila kuelekezwa. Kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa moja, na katika saa hiyo hiyo akaanguka mara 17. Mtu mzima akipewa hatua zote hizo angekuwa ameshatoka mtaani kwake. Lakini yeyote aliyewahi kumfuata mtoto uani anajua hatua zake huenda wapi: kwenye ndoo, kisha kwa kuku, kisha kwenye ndoo tena. Huo ndio mwendo wake, na likizo yake yote inaweza kuenea katika ua mmoja wenye udongo, mteremko mdogo na kiumbe mmoja anayetembea.

Ndiyo maana nasema chagua ua kabla ya kuchagua chumba. Unapopiga simu kuulizia mahali pa kulala, acha kwanza habari za televisheni na maji moto. Uliza kama kuna baraza yenye paa ambayo mtoto anaweza kuchezea mvua ikinyesha. Uliza kama kisima kina mfuniko, kama uzio upo, kama upande wa chini wa kiwanja ni shamba au ni genge, maana nyumba nyingi za milimani zimejengwa kwenye ngazi za ardhi zilizochongwa. Uliza kama unaruhusiwa kuingia jikoni kupika uji. Na uliza kama wanafuga. Pale Irente liko shamba la Kanisa la Kilutheri linalotengeneza jibini, mkate na jemu, na kwa mtoto mdogo kumwona ng'ombe akikamuliwa, kisha kunywa maziwa yaliyochemshwa, ni siku nzima iliyojaa.

Kwa wengi wetu, bila shaka, likizo ya shamba haina nyumba ya wageni. Ni kwenda kwa bibi. Hapo ua umeshachaguliwa na kuku wapo, ila kuna kazi nyingine: bibi ana utaratibu wake, na amelea watoto wengi kukuzidi. Mpe heshima hiyo waziwazi. Kaa naye siku ya kwanza, mwambie mtoto hulala saa ngapi, nini kinamdhuru tumboni, dawa gani anatumia, kisha mwachie nafasi. Mtoto anayefundishwa na bibi yake kumwaga mahindi kwa kuku anapata kitu ambacho mzazi wa mjini hawezi kukinunua. Mambo ya kushikilia bila kuyumba ni machache: maji yachemshwe, chandarua kitumike, moto uwe mbali, na pipi isiwe njia ya kumnyamazisha. Mengine yaacheni yapite.

Tuje kwenye mvua yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowaogopesha watu, na ndiyo iliyojaa zawadi.

Kwanza, mavazi. Mwavuli haumsaidii mtoto wa miaka miwili. Anautaka mwenyewe, na akishaupata anautumia kuchokonoa tope. Anahitaji koti la mvua lenye kofia, gambuti zenye nafasi ya soksi mbili, na suruali ambayo hutasikitika ikiharibika. Beba seti nyingi za nguo za ndani na soksi kuliko nguo za kupendeza. Msipokuwa na koti, jani la mgomba linatosha kwa safari ya kutoka barazani hadi bandani, na mtoto atalishika kwa fahari kuliko koti lolote.

Kisha mtoe nje. Mvua ya rasharasha milimani haimuumizi mtoto aliyevikwa vizuri, na kazi anayoifanya ndani yake ni kubwa. Mvua inachora vijito juu ya udongo mwekundu, na kila kijito kina swali: kinatoka wapi, kinaingia wapi, nikiweka mguu kitapita wapi? Kata kipande cha ganda la mgomba, kikunje kidogo ncha, kiweke majini. Kitaelea, kitakwama, mtoto atakisukuma, kitaelea tena. Hapo amejifunza mteremko, uzito na subira, na hakuna mtu aliyemfundisha kwa maneno. Wewe chuchumaa karibu naye. Usimpangie mchezo, usimwambie maji yanakwenda huku. Mwache ajenge bwawa lake la tope mahali pasipofaa na alione likibomoka.

Nusu saa inatosha, pengine kidogo zaidi kama bado ana furaha. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na nguo iliyolowa huongeza upotevu huo. Midomo ikianza kubadilika rangi au akianza kutetemeka, mmeshachelewa kidogo. Ingieni ndani mara moja. Mvue vyote, mfute kichwa na miguu, mvalishe vikavu, mpe uji wa moto. Uji wa ulezi wenye maziwa, baada ya mvua, ndani ya bakuli lake mwenyewe, ni sehemu ya likizo kama mvua yenyewe.

Hapa ndipo jirani au mwenyeji atakapokuja na onyo, naye anaonya kwa upendo: “Mama, mtoto huyu utamtia nimonia.” Nalijibu jambo hili kwa uzito, kwa sababu nimonia inaua watoto na hofu hiyo ina msingi. Nimonia huletwa na vijidudu, virusi na bakteria, wanaoingia mapafuni. Matone ya mvua hayana vijidudu hivyo. Mtoto anayefungiwa siku nzima katika chumba kimoja chenye moshi wa kuni na watu wanaokohoa yuko karibu zaidi na hatari kuliko aliye nje na koti lake. Hata hivyo mwenyeji ana haki kuhusu jambo moja: asiachwe amelowa. Na mzazi azijue dalili. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayekohoa akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, au kifua chini ya mbavu kikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa saa, akiwa mapajani mwako. Siku ya kwanza ya likizo tafuta kituo kilicho karibu na namba ya mtu mwenye gari au bodaboda, kabla hujavihitaji.

Mvua kubwa ni habari nyingine. Ngurumo ikianza, ndani, wala si chini ya mti. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, usilazimishe safari ya kushuka Mombo kwa sababu tu tiketi imekatwa. Udongo wa milima hii hulegea, huporomoka na kufunga barabara. Weka akiba ya pesa ya kulala siku moja au mbili zaidi, na nepi za siku hizo. Fedha hiyo ihesabu kama sehemu ya nauli. Na baada ya mvua, kabla ya kumwachia mtoto uani, tembea mwenyewe kwanza ukitazama chini. Siafu hutoka kwa misururu udongo ukilowa, na mtoto hana haraka ya kuondoa mguu.

Ukungu una tabia tofauti. Unaingia kimya, unafuta mlima wa mbele, kisha mti, kisha banda, na mtoto anasimama akitazama vitu vikipotea. Wapo wanaoogopa. Mbebe, mwende pamoja hadi kwenye mti uliopotea, muuguse, mrudi. Ukungu unapoanza kuinuka na jua likipenya ni wakati mzuri wa kutafuta vinyonga, ambao Usambara imejaliwa kuwa nao wa aina kadhaa, wengine wenye pembe puani. Watu wengi wa mjini huruka wanapomwona kinyonga. Mtoto wa miaka miwili haruki mpaka aone mama yake ameruka. Kinyonga hana sumu. Msimshike, msimpokonye tawi lake. Kaeni tu mkimtazama akinyanyua mguu mmoja, akisita, akiushusha. Sijui mnyama mwingine anayekwenda kwa kasi inayomfaa zaidi mtoto anayejifunza kutembea.

Kama mnataka msitu, hifadhi ya Magamba iko karibu na mji, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio hulipwa. Huko mna mbega weusi wenye mabega meupe, na miti mikubwa iliyoota kuvu na kuvumwani. Nendeni asubuhi, mtoto akiwa ameshiba, na mbebeni kwa mbeleko. Nasema mbeleko kwa makusudi. Kigari cha kusukuma hakina kazi kwenye njia ya mizizi, na mikono huchoka. Kanga nzito au kitenge kilichofungwa vizuri, magoti ya mtoto yakiwa juu kidogo ya makalio yake, kinampa joto la mgongo wako na kumwezesha kuona juu ya bega. Gusa miguu yake mara kwa mara. Wewe unatoka jasho kwa kupanda, yeye amekaa tu na baridi inamwingia vidoleni. Kule Irente, ukingoni, mbeleko si hiari. Mtoto asishushwe chini hata kidogo mahali ambapo ardhi inakoma.

Siku ya jua haina mengi ya kusema, ila kofia. Baridi ya milimani hudanganya: miale ya jua huwa mikali zaidi kadiri unavyopanda, na uso wa mtoto unaweza kuungua huku mikono yake ikiwa baridi. Maji yawe karibu muda wote. Nendeni sokoni, mnunue pichi, peasi na plamsi kwa msimu wake, na mtoto akabidhi pesa kwa mkono wake mwenyewe, amwamkie mama muuzaji shikamoo. Kokwa zitolewe kabla ya kumpa. Karanga nzima, bisi na punje ngumu za mahindi yaliyochomwa ziwe mbali naye, maana koo lake ni jembamba na meno ya kusagia bado hayajakamilika.

Saa za usingizi zisiguswe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataja saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja na miwili, usingizi wa mchana ukiwemo, na angalau dakika 180 za kujongea. Shamba linakupa hizo 180 kabla ya saa nne asubuhi. Zile za usingizi ndizo watu huziiba kwa kutaka kuona kitu kimoja zaidi kabla ya giza. Panga jambo moja la asubuhi, basi. Mchana ni wa kulala, na mvua juu ya paa la bati ni bembelezo ambalo mjini hulipati. Nanyi laleni. Simu iacheni kwenye begi. Mwongozo huo huo hauishauri skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili unaweka kikomo cha saa moja.

Usiku wa Lushoto, hasa Juni hadi Agosti, ni baridi ya kweli, na hapa nina jambo ninaloomba lisomwe mara mbili. Usiingize jiko la mkaa chumbani mnamolala. Mkaa unaoungua katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo humkuta mtu usingizini asiamke. Mtoto hudhurika mapema kuliko mkubwa. Haijalishi kwamba makaa yamebaki mekundu tu bila moshi. Hapo ndipo watu hudhani ni salama. Mpashe mtoto joto kwa nguo: fulana ya pamba mwilini, sweta, soksi, kofia nyepesi wakati wa kumbembeleza, kisha blanketi. Mlaze kati yenu au karibu nanyi. Ota moto jikoni kabla ya kulala, ukimshika, kisha nendeni chumbani na joto lenu.

Chandarua chenye dawa kifungwe hata huko juu. Mbu wa malaria ni wachache penye baridi, lakini wapo, na mlipita au mlilala tambarare njiani. Katika mfuko wa dawa weka kipimajoto, paracetamol ya maji pamoja na kipimo kilichoandikwa na mhudumu wa afya kwa uzito wa mtoto, pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Akiharisha, pakiti moja ya ORS huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi, hupewa kidogo kidogo kwa kijiko, na zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukiisha.

Kuna anayesema: mtoto wa umri huu hakumbuki kitu, kwa nini upoteze nauli? Ni kweli kwamba watu wazima wengi hawana kumbukumbu za kabla ya miaka mitatu hivi. Siioni kuwa hoja. Hatumnyimi mtoto maziwa kwa sababu hatakumbuka ladha yake. Anayoyapata shamba yanaingia kwenye miguu inayojua sasa kushuka mteremko wenye utelezi, na kwenye maneno: mtoto aliyekuwa akisema “maji” tu anarudi akitofautisha mvua, tope na mto. Nanyi mnapata siku kadhaa za kumtazama bila kukimbilia kazini, jambo ambalo sisi tunaotoka nyumbani alfajiri na kurudi amelala tunalihitaji kuliko yeye.

Safari ya kurudi ina mambo yake. Kona zile zile za kupandia sasa mnazishuka. Watoto wa chini ya miaka miwili kwa kawaida hawachafukwi na gari. Wengi huanza baada ya hapo, kwa hiyo aliyekuja bila shida mwaka jana anaweza kutapika mwaka huu. Mlishe kitu kikavu na chepesi saa moja kabla, mkalishe anakoweza kuona mbele, ombeni dereva asikimbie, na muwe na mfuko na kitambaa mkononi, si ndani ya begi lililofungwa juu. Kama mna gari lenu, akae kwenye kiti chake cha mtoto. Usimfunge pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja, kwani gari likisimama ghafla uzito wako ndio utakaombana.

Mkifika nyumbani, endeleeni kumwangalia kwa wiki kadhaa. Malaria haionyeshi dalili siku ile mbu alipouma. Huchukua siku saba au zaidi, na mzazi anakuwa ameshasahau habari za safari. Homa ikitokea kipindi hicho, usinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu mlilala wapi na lini.